Kibarua, Kipande na Manamba: Historia ya Kupimwa kwa Kazi na Majina ya Wafanyakazi

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno kibarua lina maana tatu, na upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha. Ikisemwa kuwa kibarua kimepotea, kilichopotea ni karatasi. Ikisemwa kuwa kibarua amepotea, aliyepotea ni mtu. Na ikisemwa kuwa kibarua cha fulani kimeota nyasi, iliyopotea ni kazi yenyewe. Karatasi, mtu na kazi vimekaa katika neno moja. Wazungumzaji wa leo hulitumia neno hilo bila kushangaa, kama ambavyo watu huishi katika nyumba bila kuuliza msingi wake ulichimbwa na nani.

Mhadhara huu unauliza swali hilo la msingi. Unachunguza jinsi mbinu za usimamizi zinazolenga ufanisi zilivyoathiri watu wa kazi mbalimbali: wapagazi, wakataji mkonge, makuli wa bandarini, wafanyakazi wa viwandani, walimu, wauguzi na wanazuoni. Ushahidi wake ni wa aina mbili: kumbukumbu za kihistoria, na msamiati ambao historia hiyo imeuacha katika Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba kupimwa kwa kazi si jambo geni Afrika Mashariki, wala si jambo baya kwa asili yake. Lililobadilika kutoka zama moja hadi nyingine ni mkono unaoshika mizani. Kila ilipotokea kwamba mizani imeshikwa na upande mmoja tu, lugha imeonyesha dalili ileile: mtu wa kazi amepewa jina la chombo kilichotumika kumpimia.

Neno ufanisi lenyewe linastahili kutazamwa kabla ya kuendelea. Linatokana na kitenzi kufana, ambacho hutumika kwa jambo lililokwenda vyema na kupendeza. Harusi hufana, sherehe hufana, na anayemtakia mwenzake heri humtakia fanaka. Katika matumizi hayo ya asili, wanaojua kuwa jambo limefana ni wale waliokuwamo ndani yake. Hakuna harusi iliyotangazwa kuwa imefana kwa sababu ilimalizika katika nusu ya muda uliopangwa. Maana ya ufanisi inayotumika katika vitabu vya usimamizi, yaani kupata mazao mengi kwa gharama ndogo na muda mfupi, ni maana ya baadaye. Safari kutoka maana ile hadi hii ndiyo inayofuatiliwa hapa.

Mzigo wa Mpagazi

Si sahihi kudhani kwamba kabla ya ukoloni kazi katika Afrika Mashariki haikupimwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya mwambao kuelekea Tabora, Ujiji na kwingineko iliendeshwa kwa vipimo vinavyojulikana. Mzigo wa mpagazi wa pembe au wa nguo ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kulikuwa na desturi kuhusu urefu wa mwendo wa siku, kiasi cha posho, na malipo ya safari. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, ameonyesha kuwa Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo kama weledi wenye fahari yake, na kwamba desturi hizo zilikuwa na nguvu inayokaribia ile ya sheria.

Nguvu hiyo ilitokana na uwezo wa mpagazi wa kukataa. Kiongozi wa msafara aliyeongeza uzito wa mizigo au kupunguza posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wabebaji wameondoka. Wasafiri wa Kizungu waliandika mengi kuhusu kile walichokiita utoro. Ukitazamwa kwa jicho jingine, utoro huo ulikuwa njia ya kurekebisha mizani. Hata kiongozi wa wapagazi, nyampara, alikuwa mtu wa upande wao, mwenye kusema kwa niaba yao mbele ya mwenye mali.

Historia ya neno hilo inaeleza mengi. Nyampara wa msafara alikuwa mkubwa miongoni mwa wenzake. Nyapara wa shamba la mkoloni akawa msimamizi anayehesabu kazi za wengine kwa niaba ya bwana. Hatimaye neno likaingia gerezani, ambako nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wengine. Sauti ya neno haikubadilika sana, lakini mahali aliposimama mwenye jina palihama kutoka upande mmoja wa mizani hadi upande wa pili.

Karatasi Inayogeuka Mtu

Kibarua, kwa umbo lake, ni barua ndogo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa mfanyakazi wa siku aliitwa hivyo kwa sababu alipewa cheti kidogo, akakirudisha alipokwenda kupokea ujira wake. Katika Unguja ya karne ya 19 miongoni mwa walioitwa vibarua walikuwamo watumwa waliokodishwa kwa siku mjini na kulazimika kumpa bwana sehemu ya walichopata. Kwa mtu wa namna hiyo, cheti kilikuwa ndicho kitu pekee kilichothibitisha kwamba siku yake ilikuwa na thamani. Bila cheti hapakuwa na siku, na bila siku hapakuwa na malipo. Haishangazi basi kwamba mlipaji, akiwa na vyeti mkononi na foleni ya watu mbele yake, aliwaita watu hao kwa jina la vyeti.

Ukoloni uliipanua mbinu hii na kuipa nguvu ya dola. Katika Usambara, chini ya utawala wa Wajerumani, mwaka 1907 ulianzishwa mfumo wa kadi uliomlazimisha kila mwanamume aliyepewa kadi kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika kila kipindi cha miezi minne. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, akiwa ameitia katika kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Kutokuwa nayo kulikuwa kosa la jinai. Mwajiri ambaye hakutia saini ya kumwachia mfanyakazi aliweza kumfunga mtu huyo kwa kalamu, kwa kuwa hakuna mwajiri mwingine ambaye angemchukua kihalali. Mwaka 1922 Harry Thuku alipokamatwa Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa madai makuu ambayo chama chake kilikuwa kimeyapigia kelele. Mfumo huo wa kibaguzi ulidumu hadi mwaka 1947, ulipobadilishwa na uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Katika mashamba, neno hilohilo lilitaja pia kadi ya siku 30 za kazi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Siku 30 za kipande hazikuwa siku 30 za kalenda. Siku iliyohesabiwa ni ile ambayo mfanyakazi alikamilisha sehemu ya kazi aliyopimiwa asubuhi. Aliyeugua, aliyezuiwa na mvua, au aliyebakiza safu mbili za palizi jua lilipozama, siku yake haikuandikwa. Alikuwa ameishi siku hiyo na kutoa jasho, lakini kwa hesabu ya kadi ilikuwa kama kwamba haikupambazuka.

Zao la mkonge, lililoletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ndilo lililozalisha jina la tatu. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu wengi kuliko waliopatikana jirani, na kwa hiyo wakandarasi waliwatafuta wafanyakazi mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kwa kifupi chake, SILABU. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo alisafirishwa, alipangiwa kambi, alihesabiwa na kulipwa. Watu hao waliitwa manamba. Neno lina kiambishi cha wingi, lakini hutumika hata kwa mtu mmoja, kana kwamba mtu huyo hawezi kufikiriwa nje ya orodha. Baadaye, jijini Nairobi, neno hilo lilihamia kwa wapigadebe wa matatu, na katika safari hiyo likapata uchangamfu ambao halikuwa nao mashambani.

Kibarua, kipande, manamba: barua ndogo, sehemu iliyokatwa, na tarakimu. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalotaja ujuzi wa mtu. Kiswahili kina utaratibu wake wa kuwataja watu kwa kazi zao, utaratibu wenye heshima: mhunzi, mkulima, mvuvi, mfinyanzi, mjenzi, mshoni. Kiambishi m- cha ngeli ya watu hutangulia na kitendo hufuata, ndipo mtu atambulikane kwa anachokijua. Majina ya zama za kadi yalikwepa utaratibu huo, na kumwachia mtu upatanisho wa a- na wa- tu kama ushahidi kwamba bado ni mtu.

Mtu wa Bethlehem

Wakati mfumo wa kadi ulipokuwa ukikua Afrika Mashariki, upande mwingine wa dunia mbinu za kupima kazi zilipewa jina la sayansi. Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1856, alifanya majaribio yake mashuhuri katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, jimboni Pennsylvania, mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1911 akachapisha kitabu kilichotangaza kanuni za usimamizi wa kisayansi. Humo anasimulia jinsi alivyomchagua mbeba chuma mmoja, akampangia kila hatua, lini ainame, lini atembee, lini apumzike, hadi mtu huyo akapandisha kazi yake ya siku kutoka tani 12 na nusu hadi tani 47 na nusu. Ujira wake ulipanda pia, kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Kwa hesabu rahisi, kazi iliongezeka karibu mara nne, na malipo hayakufika hata mara mbili.

Hata hivyo, kiini cha mafundisho ya Taylor hakikuwa tani wala dola. Kilikuwa ni kutenganisha kufikiri na kutenda. Maarifa ya kazi, ambayo tangu zamani yalikaa mikononi mwa fundi, yalipaswa kukusanywa na ofisi ya mipango, kukatwakatwa vipande vipande, kisha kurudishwa kwa mfanyakazi kama maagizo. Taylor alidai kuwa mtu anayefaa kubeba chuma hawezi kuielewa sayansi ya kubeba chuma, na hakusita kumlinganisha na ng'ombe. Lakini katika kitabu hichohicho anataja, kama jambo la kupita, kwamba mtu huyo alikuwa akijijengea nyumba ndogo asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Aliyesemwa kuwa hawezi kupanga kazi ya siku moja alikuwa akipanga kuta.

Jambo moja zaidi linamhusu mwanaisimu. Mbeba chuma huyo aliitwa Henry Noll, lakini kitabuni alipewa jina la Schmidt. Watafiti Charles Wrege na Amedeo Perroni walipoyachunguza masimulizi hayo mwaka 1974, waligundua kuwa Taylor alikuwa ameyabadilisha na kuyatia chumvi kadiri miaka ilivyopita. Huko nako, basi, mtu wa kazi aliingia katika historia kwa jina alilopewa na aliyempima.

Upinzani haukuchelewa. Mwezi Agosti 1911 wafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali cha Watertown, Massachusetts, waligoma pale mmoja wao alipokataa kusimamiwa na mpimaji mwenye saa ya sekunde. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, na kuanzia mwaka 1915 hadi 1949 sheria za bajeti zilikataza saa hizo kutumika katika karakana za jeshi. Kwa upande wa viwanda binafsi mkondo ulikuwa mwingine. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kutumia mkanda unaotembea, na muda wa kuunganisha chesisi ya gari ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi karibu saa moja na nusu. Mwaka huohuo wafanyakazi waliikimbia kazi hiyo kwa kasi kubwa mno hivi kwamba kiwango cha kubadilika kwao kilifika asilimia 370. Ahadi ya dola tano kwa siku, iliyotangazwa Januari 1914, ilikuwa kwa kiasi kikubwa bei ya kuwafanya watu wabaki. Mpagazi aliyelaza mzigo chini na fundi wa Detroit aliyeacha mkanda ukitembea bila yeye walikuwa wakisema jambo moja.

Bandarini

Mahali ambapo mikondo hii miwili, wa kadi na wa saa, ilikutana waziwazi katika Uswahilini ni bandari. Kuli wa Mombasa katika miaka ya 1930 alifanya kazi kwa siku. Aliweza kubeba magunia siku kadhaa katika mwezi, akapata fedha za kodi na chakula, kisha akarudi shambani au akafanya shughuli nyingine. Kwa maofisa wa kikoloni, hali hiyo ilikuwa uvivu na vurugu. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1987 kuhusu bandari hiyo, ameonyesha kuwa kilichowakera hasa maofisa ni kwamba mtu huyo alimiliki muda wake mwenyewe.

Saa ya Kiswahili inasaidia kuelewa mgongano huo. Siku ya Mswahili huhesabiwa kwa jua: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya macheo, na saa kumi na mbili jioni jua linazama. Ni hesabu inayoanza pale mwanga unapomwezesha mtu kufanya kazi. Zamu ya bandari, inayoanza kwa king'ora usiku wa manane kwa sababu meli imefika, ilifuata jua la mahali pengine.

Januari 1947 kazi zilisimama Mombasa. Watu wapatao 15,000, kuanzia makuli na wafanyakazi wa reli hadi watumishi wa majumbani, waligoma kwa karibu siku 12. Unguja ilifuata mwaka 1948, kwa mgomo ulioanzia bandarini na kuenea mjini. Mgomo huo umehifadhiwa katika fasihi ya Kiswahili na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979. Jibu la serikali ya kikoloni katika Mombasa halikuwa nguvu peke yake. Makuli waliandikishwa katika daftari maalumu, wakatakiwa kufika kazini mara kwa mara, na katika miaka ya 1950 idadi yao ikapunguzwa huku waliobaki wakiongezewa mishahara.

Haki inadai kusema kwamba waliobaki walinufaika. Walipata kipato kilichotosha kulisha familia mjini, na vyama vyao vya wafanyakazi vikapata nguvu ya kujadiliana. Walioachwa nje ya daftari walipoteza hata zile siku chache za zamani. Kwa hiyo ufanisi wa bandari haukuwa na jibu moja kwa swali la nani alifaidi. Uliwagawa watu waliokuwa wamegoma pamoja kuwa makundi mawili, wenye namba na wasio na namba. Katika mazingira hayo, kuwa na namba, jambo lililokuwa fedheha shambani, likawa bahati.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulilirejesha neno kazi mahali pa heshima. TANU ilikuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza juhudi na maarifa. Mchanganyiko huo wa maneno mawili una maana kwa mjadala huu, kwa kuwa unakataa mgawanyo wa Taylor: anayefanya juhudi ndiye huyohuyo anayetakiwa kuwa na maarifa. Mwaka 1970 yaliagizwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na ubabe kwa walio chini yao.

Wafanyakazi waliusoma waraka huo kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi viwandani, na mara nyingi madai hayakuwa mshahara bali heshima: meneja anayetukana, msimamizi anayefungia watu nje ya lango kwa kuchelewa dakika chache. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikwenda mbali zaidi, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji, aliyelichambua tukio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1976, ameeleza jinsi harakati za namna hiyo zilivyozimwa na dola ileile iliyokuwa imezichochea kwa maneno. Meneja wa umma, kama wa binafsi, hakuwa tayari kushiriki mizani na wengine.

Darasani na Wodini

Inadhaniwa mara nyingi kuwa kupimwa kwa namna hii ni jambo la watu wa mikono tu, na kwamba weledi wa taaluma uliwakinga wengine. Historia inakanusha. Miaka karibu 50 kabla ya kitabu cha Taylor, Uingereza ilianza kuzilipa shule ruzuku kwa matokeo. Kanuni ya mwaka 1862, iliyosimamiwa na Robert Lowe, ilifungamanisha ruzuku ya shule na mahudhurio pamoja na idadi ya watoto waliofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliipinga waziwazi. Walimu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: waliwakaririsha watoto kitabu cha mtihani hadi baadhi yao wakaweza kukisoma hata kikiwa kimeshikwa juu chini. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1890.

Uliachwa Uingereza, lakini fikra yake haikufa. Tanzania ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi kwa watumishi wa umma, na Kenya ikaanza mikataba ya utendaji mwaka huohuo. Nia ya mifumo hii haipaswi kubezwa. Kabla yake, mtumishi wa Tanzania alitathminiwa kwa ripoti ya siri ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Kumwonyesha mtu anachopimiwa ni hatua ya haki. Tatizo lilijitokeza katika utekelezaji. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi na vitabu vichache alijaza malengo yaleyale na yule mwenye darasa dogo, na mara nyingi fomu ilijazwa ili ijazwe. Kenya ilipoanza kutumia mfumo mpya wa tathmini ya walimu mwaka 2016, chama cha walimu cha KNUT kiliupinga, kikilalamikia pamoja na mengine muda unaotumika kuandika kuhusu kufundisha badala ya kufundisha. Katika miaka ya 2020 fomu za karatasi Tanzania zimepisha mfumo wa kielektroniki, lakini swali la nani anaweka kipimo halikufutwa pamoja na karatasi.

Hospitali zinatoa mifano ya pande zote mbili. Kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kujaribu mbinu iliyotoka katika viwanda vya Japani, yenye hatua tano. Watafsiri waliipatia maneno matano ya Kiswahili yanayoanza na herufi moja kama yale ya Kijapani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mbinu hii ilikuwa na sifa moja ya pekee: wauguzi wenyewe ndio walioamua kipi kiondolewe na kipi kiwekwe wapi. Stoo iliyopangwa na mtu anayeitumia humsaidia mtu huyohuyo kuipata dawa haraka, na anayenufaika mwisho ni mgonjwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika wodi ya wazazi huweza kuua. Hata hivyo, kupanga stoo hakuongezi idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku.

Mfano wa kinyume ni wa hospitali ya Stafford nchini Uingereza. Tume iliyoongozwa na Robert Francis, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilieleza jinsi katika miaka ya 2005 hadi 2009 uongozi ulivyokazia macho malengo na hali ya fedha huku wagonjwa wakikosa hata maji ya kunywa. Takwimu zilionyesha nafuu, wodi zikaonyesha mateso. Mwanauchumi Charles Goodhart alikwisha kutahadharisha mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kuwa takwimu hupoteza uaminifu wake pale inapogeuzwa kuwa chombo cha kudhibiti.

Msamiati wa zama hizi unafuata njia ya vibarua na manamba, ingawa umevaa nguo safi zaidi. Iliyokuwa idara ya utumishi imeitwa idara ya rasilimaliwatu. Mtumishi ni mtu anayetumika kwa ajili ya wengine. Rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtaji. Mgonjwa, mwanafunzi na mwananchi, kila mmoja kwa wakati wake, ameitwa mteja. Jijini Nairobi kazi mpya kabisa imezaliwa, ya vijana wanaokagua picha na maneno machafu kwa niaba ya makampuni ya mitandao, na katika kesi zilizofunguliwa mwaka 2022 na 2023 baadhi yao walidai kuumizwa akili na kazi hiyo. Kuangalia ukatili kwa zamu ni kazi ambayo jina lake la Kiswahili bado halijatulia.

Meza ya Mwanakamusi

Wanazuoni hawakusalimika. Machapisho yao huhesabiwa kwa mwaka, na majarida yanayoingizwa katika fahirisi za kimataifa kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Anayeandika kuhusu Kiswahili kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili, hupimwa kwa mizani iliyotengenezwa mbali na lugha yake. Athari haiko katika cheo cha mtu mmoja tu. Iko katika aina ya kazi zinazopata watu wa kuzifanya.

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, akiwa amekwisha kufariki. Charles Sacleux aliishi Afrika Mashariki kati ya mwaka 1879 na 1898. Kamusi yake kubwa, ambayo watafiti wa lahaja bado huirejea, ilianza kutoka mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa kazi ya taasisi nzima. Katika fomu ya malengo ya mwaka mmoja, kila mmoja wa wanakamusi hao angeonekana mtu asiyezalisha. Kwa mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine baada yake, safu ya matokeo ingebaki tupu. Lugha inayotaka kamusi za lahaja zake kabla wazee wanaozijua hawajaondoka haina budi kujua kwamba baadhi ya kazi hufana polepole, na kwamba mzee mmoja wa Siyu au wa Makunduchi hasubiri kipindi kijacho cha tathmini.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa historia ya kupimwa kwa kazi ni historia ya mizani na mshika mizani. Mpagazi alipimiwa mzigo, lakini aliweza kuutua. Mkata mkonge alipimiwa siku, na siku isiyotimia ikafutwa. Kuli alipata daftari lililomwinua yeye na kumwangusha jirani yake. Muuguzi aliyepanga stoo yake alipata nafuu, na aliyepangiwa malengo ya fedha alipoteza nafasi ya kumpa mgonjwa maji. Tofauti baina ya hali hizi haikuletwa na ukali wa kipimo. Ililetwa na kuwapo au kutokuwapo kwa sauti ya anayepimwa wakati kipimo kinapotengenezwa.

Wanafunzi wa lugha wana wajibu wao hapa, nao si mdogo. Istilahi za usimamizi zinaendelea kuingia katika Kiswahili kila mwaka, na wanaozitafsiri mara nyingi ni wahitimu wa idara za Kiswahili. Anayeunda istilahi huamua iwapo mtu atatajwa kwa anachokijua au kwa namna anavyohesabiwa. Karani wa Unguja aliyeita foleni ya watu kwa jina la vyeti vyao labda hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka. Neno lake limedumu zaidi ya karne moja, na lingali likisemwa kila alfajiri kwenye malango ya viwanda na maeneo ya ujenzi, ambako vibarua wanasubiri kuitwa.